Halali Haiishii Kwenye Kisu



Leo tumeweka mkasi chini. Hatutazungumza habari ya shela wala mishono ya mwaka huu. Tunataka kuzungumza habari ya sahani, tena kwa ukali kidogo. Atakayekereka atusamehe mwanzo, maana mwisho hatutaomba radhi.

Sie tuko watatu. Tunashona nguo za harusi hapa mjini Unguja, cherehani tatu chumba kimoja. Kwa kuwa tunatoka nyumbani asubuhi na kurudi magharibi, chakula cha mchana tunakula nje. Siku nyingi ni kwa mama ntilie wa mtaani. Mwisho wa mwezi, kazi zikilipwa, tunajipa haki yetu tunakwenda mkahawani. Hatukusomea mapishi na wala hatulipwi na mtu kusifu chakula chake. Ni walaji wa kawaida tu. Lakini biriani iliyopikwa leo na iliyopikwa juzi tunazijua, kama tunavyoijua hariri na kitambaa kinachojidai hariri.

Neno letu ni hili. Katika visiwa vyetu, neno "halali" limefanywa pazia. Limeandikwa mlangoni, limeandikwa kwenye menyu, na nyuma ya pazia hilo kunapita mambo ambayo Muislamu hapaswi kumfanyia mwenziwe. Na linaendelea kupita kwa sababu sie wanawake tumefundishwa kunyamaza, tukaambiwa kunyamaza huko ndiyo dini.

Mkasa wa gauni lililopwaya

Mwaka jana tulimpima bi harusi mmoja gauni lake la pili. Ilikuwa Jumatatu, wiki mbili kasoro siku kabla ya nikaha, na mwisho wa wiki ile angewekwa ndani kwa singo, asitoke tena. Mama yake alilipenda gauni. Akasema, "Wanangu, leo mchana ni wangu. Tukale pahala pazuri, huyu mtoto asije kusema kaolewa hata juisi hakunywa na mama yake." Tukaenda kwenye mkahawa mmoja wenye baraza inayotazama bahari. Jina hatulitaji, na mwisho tutasema kwa nini.

Kijana wa mlangoni alituangalia, mabuibui matano, kisha akatazama nyuma yetu kama anayetafuta mtu wa maana anayetufuata. Barazani palikuwa na meza sita tupu. Akatupeleka ndani, meza iliyo jirani na mlango wa choo. Mama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, pale nje pana watu?" Akajibu kuwa meza zile zimeshawekwa. Tulikaa pale saa moja na nusu. Waliokuja kuzikalia ni wageni wawili na mikoba yao ya mgongoni, wameingia kwa miguu kama tulivyoingia sie, hawakuwa wameweka meza wala kiti.

Menyu ikaja imeandikwa kwa dola. Tukauliza kwa shilingi ni ngapi. Kijana akaenda kaunta, akarudi na hesabu ambayo hatujui dola yake waliibadilisha benki gani.

Biriani ilikuja baada ya dakika arubaini. Wali wa juu ulikuwa unachoma ulimi, wa chini wa baridi. Anayejua jiko ameshaelewa: kimetoka kwenye friji kikapitishwa kwenye maikrowevu. Kuku alikuwa na ile harufu ambayo ukiisikia mara ya kwanza husemi, unajiambia labda ni viungo. Nasi tulijiambia hivyo hivyo. Mama wa bi harusi ndiye mwenye kutukirimu. Nani angemwambia kwamba chakula alichotununulia kinanuka? Tukala. Bi harusi alikula kuliko sote, maana alikuwa na njaa ya kusimama kupimwa tangu asubuhi.

Usiku ule wawili kati yetu mafundi tulitapika, tukapoa kesho yake. Bi harusi alilala siku tatu na dripu mkononi. Hatuwezi kuapa kwamba ni kuku yule, tumbo halitoi risiti. Lakini chakula tulichokula pamoja siku ile kilikuwa hicho kimoja tu.

Tulipomvika gauni tena, kiuno tulichokipima Jumatatu kilikuwa kinapwaya vidole viwili. Tukafumua, tukaingiza. Ukumbini watu wakasema mashaallah, kakonda kapendeza. Sie tulijua huko kukonda kumetoka wapi.

Kinachotukera mpaka leo si mpishi peke yake. Tunajikera na sie wenyewe. Watu wazima watano walikula chakula walichokitilia shaka, wakalipa, wakasema "ahsante mwanangu", wakatoka.

Hadithi tunayoikata nusu

Kila tulipoulizana, jibu lilikuwa moja: Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia kosa chakula. Ni kweli. Hadithi hiyo ipo kwa Bukhari na kwa Muslim, na hatubishani nayo, Allah atulinde. Lakini tuitazame yote. Inasema akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Sie tumeshika nusu ya kutokitia kosa, nusu ya kukiacha tumeitupa. Tunakula kile tusichokitaka, halafu tunajipongeza kwa adabu.

Tena adabu ile ina pahala pake. Inamlinda mke aliyehangaika jikoni, mume asije akamvunja moyo kwa chumvi. Inamlinda mwenyeji masikini aliyekupa alichonacho. Chumvi kuzidi ni bahati mbaya ya mpishi, nani hajawahi? Lakini kuku wa juzi kuuzwa kama wa leo si chumvi kuzidi. Huo ni uongo wenye sahani.

Na uongo wa namna hiyo una hadithi yake, nayo inahusu chakula vilevile. Imo kwenye Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakutana na umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua iliyonyesha. Akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, kisha akasema kuwa anayeghushi si katika sisi. Hebu tuzingatie, dada zetu. Mtume hakupita akanyamaza kwa kuogopa kumuumbua muuzaji. Alitia mkono ndani ya rundo, akauliza, akasema. Na yule muuzaji hakuambiwa nafaka yake ni haramu. Aliambiwa kosa lake ni kuficha.

Kwa hiyo mwenye mkahawa anayetujibu "chakula chetu halali, kuku kachinjwa na Muislamu" anajibu swali ambalo hatukumuuliza. Kisu tunakijua. Tunamuuliza habari ya baada ya kisu. Kuku huyo alilala wapi, siku ngapi, umeme ulipokatika usiku alikuwa kwenye hali gani, na wali huu umepikwa lini? Katika Suratul Baqara, aya ya 168, watu wameambiwa wale kilicho halali na kilicho twayyib, maneno mawili pamoja. Sie tumeandika moja mlangoni, la pili tumelifungia stoo.

Na tusidhani haya ni madeko ya wanawake. Wali uliopikwa ukaachwa nje una vijidudu vinavyozaa ndani yake sumu, na sumu hiyo haifi kwa kupashwa moto tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachowekwa cha moto kibaki juu ya nyuzijoto 60. Joto la Unguja tunalijua. Kipindupindu cha 2015 na 2016 tulikiona. Katika mji huu maji na chakula si mambo ya kufanyia mzaha.

Waliotufunza kwamba inawezekana

Asije mtu akasema sie kazi yetu kulaumu. Tumekula vizuri kisiwani hapa, tena pahala ambapo hapana baraza wala bahari.

Mama ntilie wetu ana meza mbili, mabenchi manne na paa la makuti. Siku moja tulifika tukaagiza wali na maharage ya nazi. Akatuambia, "Wanangu, maharage ya leo yameshika chini, yana moshi. Mkitaka nitawapa, lakini nakwambieni mapema. Mchicha uko salama." Sufuria zima la maharage lilikuwa pale, ni pesa yake, na mtu mwenye njaa angekula asiseme kitu. Yeye alikiweka kibaya juu tukione. Mama huyu sidhani kama kuna aliyemsomea ile hadithi ya nafaka, lakini anaiishi kila siku mchana. Tulichukua mchicha. Na tangu siku ile, akisema samaki ni wa leo, hatuulizi mara mbili.

Yupo pia kijana wa urojo tunayempitia alasiri. Kachori zake na bajia ziko ndani ya kabati la kioo, chatne ina kifuniko, na mkono unaoshika pesa si mkono unaotia viazi. Pesa unaitia mwenyewe kwenye kikopo na chenji unachukua mwenyewe. Hakusomea hoteli. Ana haya tu.

Na upo mkahawa mmoja wa katikati ya mji, wa kawaida kabisa, ambapo chai yetu ilikuja na sisimizi wawili wanaelea. Tulimwita mhudumu tukamuonyesha kwa sauti ya chini. Baada ya dakika mbili akaja mwenye mkahawa mwenyewe, mtu mzima, akasema, "Dada zangu, tuwieni radhi, kosa letu." Chai ikaja mpya na kwenye hesabu haikuandikwa. Kabla hatujaondoka tukamuona anaosha ile chombo ya sukari mwenyewe. Tumerudi pale mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na tumewapeleka wateja wetu.

Tunasema haya kama mafundi. Hakuna fundi asiyekosea. Hata sie tumewahi kukata mkono wa gauni mfupi, tukawahi kupinda pindo likaenda upande. Fundi mzuri anajulikana siku aliyokosea. Wa kweli hufumua, akashona tena, na kitambaa kikiharibika hulipa. Wa uongo hukwambia "ndiyo fasheni". Mikahawa ni vivyo hivyo. Hatudai kila sahani iwe ya peponi. Tunadai wafumue.

Meza ya bahari ni ya nani?

Turudi kwenye ile meza ya jirani na choo, maana jambo hili linatuuma kuliko tumbo.

Wenye mikahawa wana hoja, na tunaijua. Mgeni anaagiza vitu vitatu, analipa bila kuuliza, anaacha bakshishi. Sie tunaingia watano, tunaagiza sahani tatu na sahani tupu mbili za kugawana, na maji tumekuja nayo kwenye mkoba. Pango la mjini ni ghali, umeme ni ghali. Ni kweli, nasi tunalipa pango.

Lakini mgeni ni wa msimu. Masika ikiingia, mabarazani huwa tupu. Na mwaka 2020, maradhi yalipofunga safari za dunia, wageni walipotea kama waliomezwa. Ghafla zikaonekana "bei za wenyeji" pahala ambapo jana yake tulikuwa hatutazamwi usoni. Tukaitwa, tukakaribishwa, tukapewa meza ya bahari. Ndege ziliporudi tukarudishwa chooni. Mtu anayekuthamini siku ya dhiki tu hakuthamini. Anakutumia.

Na hili la dola lina sheria yake. Tangu mwezi Machi 2025, kanuni za nchi zimekataza kupanga bei, kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bei ni ya shilingi. Ukiletewa menyu ya dola una haki ya kuuliza ya shilingi iko wapi, wala si ushamba. Ushamba ni kumfanyia Mzanzibari hesabu ya kichwani kwenye nchi yake, tena hesabu yenyewe inapanda kila ikitoka kaunta.

Kuna na mambo ambayo mwenye mkahawa Muislamu asingesubiri kuambiwa na mwanamke Muislamu. Choo kisicho na maji wala kopo, karatasi peke yake, katika mji wa watu wanaosali. Dada aliyevaa niqabu anawekwa kiti kinachotazama mlango, halafu watu wanashangaa mbona anakula kama anayeiba. Ukuta mmoja ungegeuzwa, pazia moja la mita tatu lingetundikwa, kwisha. Pazia hilo tutalishona sie bila ya malipo, na hii ni ahadi, atakayelitaka atuone. Adhana ya alasiri inalia, unauliza pa kusali, unaonyeshwa stoo ya kreti za soda. Hatuombi msikiti. Tunaomba mkeka safi na pembe moja yenye staha. Mambo haya matatu hayafikii bei ya taa zile za rangi wanazoning'iniza barazani.

Nyinyi ma-bi harusi, sikilizeni hapa

Kwenye walima ndipo maumivu yanapokuwa makubwa, maana hapo chakula si cha watu watano, ni cha mia tatu, na aibu ni ya familia mbili.

Tumeona kwa macho yetu, maana sie hubaki nyuma ya ukumbi na sindano mkononi mpaka dakika ya mwisho. Tumeona mpishi aliyeonjesha familia biriani ya nyama laini, na siku yenyewe ikaja ya mifupa. Tumeona sahani zilizolipiwa mia mbili na hamsini, zikafika kwa kukisia, na wanawake wa upande wa pili wakabaki na wali mtupu na kachumbari. Tumeona chakula kilichopikwa alfajiri, kikafungwa kwenye mabakuli ya plastiki kingali moto, kikangoja mpaka baada ya laasiri kwenye gari lisilo na kivuli. Watu wakaumwa, na lawama ikamwangukia bi harusi: "harusi ya fulani tulihara." Jina la mpishi hakuna anayelikumbuka. Lako wewe litakumbukwa mpaka watoto wako waoe.

Basi ukimwendea mpishi au mkahawa, usiende na haya. Nenda kama unavyokuja kwetu. Kwetu unaleta picha, unashika kitambaa, unauliza bitana, unataka tarehe ya kujaribisha, na tukichelewa siku moja unapiga simu mara saba. Kwa nini kwa mpishi unasema "nakuachia wewe, najua hutoniangusha"?

Onja, na uonje chakula cha siku ya kazi halisi, kile anachompikia mteja mwingine, usionje kile alichokuandalia wewe. Uliza chakula kitapikwa saa ngapi, kitasafirishwa na nini, kitaliwa saa ngapi, na kati ya hapo kitakuwa wapi. Andikianeni: idadi ya sahani, aina ya nyama, kilo ngapi, nani atahesabu, na kikipungua itakuwaje. Kuandikiana deni na ahadi si kumdhania mtu vibaya. Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandika tunapokopeshana kwa muda, aya ndefu kuliko zote. Lipa rubuni kwanza, fedha iliyobaki uilipe chakula kikishahesabiwa. Na mteue shangazi mmoja mwenye macho makali akae jikoni. Kila ukoo unaye.

Na jambo moja zaidi. Mtume (s.a.w.) alikitaja kuwa kibaya chakula cha walima wanachoalikwa matajiri wakaachwa masikini. Usije ukadai haki yako kwa mpishi, kisha wewe mwenyewe ukawapa wapiga dufu na waosha sahani makombo. Hao nao ni walaji.

Na sie je?

Tungekuwa waongo kama tungemaliza bila kujitia mkono ndani ya rundo letu wenyewe.

Sie wanawake hatusemi mezani, lakini hatunyamazi. Tunatoka tunatabasamu, tukifika kwenye daladala simu zimeshatoka. Kundi la familia limejua, kundi la madrasa limejua, hali ya WhatsApp ina picha ya kuku na maneno ya kuchoma. Mwenye mkahawa peke yake ndiye asiyejua. Huko si kunasihi, dada zetu, huko ni kusengenya. Mtu anayeambiwa usoni kosa lake anaweza kulirekebisha. Anayesemwa nyuma anaona wateja wanapungua tu, akadhani amerogwa.

Ndiyo maana jina la ule mkahawa hatukulitaja. Baada ya harusi kupita tulirudi, sie watatu, tukamuomba mwenyewe atoke, tukamweleza kila kitu, meza, menyu na kuku, bila kupiga kelele. Hakukubali la kuku. La menyu alikubali, na tulipopita tena tukaiona imeandikwa kwa shilingi. La meza alicheka, akasema vijana hawana akili. Hatujui kama amejirekebisha jikoni, kwa sababu hatujala tena pale. Lakini tumeshamwambia, na mbele ya Allah hatuna tena neno hilo shingoni.

Tena wapo kati yetu wanaomdhulumu mwenye mkahawa. Wanamaliza sahani mpaka mfupa, halafu wanalalamika ili wapunguziwe. Wanaweka meza ya watu kumi, wanakuja wanne. Wanamwita mhudumu kwa kumpigia vidole kama paka, na yule msichana ni mtoto wa mtu, amesimama tangu saa mbili asubuhi kwa mshahara ambao huenda haufiki bei ya gauni lako. Sura ya Al-Mutaffifin inawakemea wanaopunja vipimo, nayo inawataja kwa tabia mbili: wakijipimia wao hutaka kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Mteja naye anaweza kuwa mpunjaji.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyaomba, na tumeanza nayo wenyewe.

Ukitilia shaka chakula, kiache. Kumwaga shilingi elfu kumi ni bora kuliko dripu. Sema palepale, kwa sauti ya chini, kwa mwenye mamlaka, usimuonee kijana wa sahani. Dai risiti, maana bila ya risiti hukula pale. Ukijibiwa kwa jeuri, au mtu akaumwa, ofisi zipo na ni zako. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar anahusika na usalama wa chakula, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inapokea malalamiko ya mlaji. Na ukila vizuri, sema hilo kwa sauti kubwa kuliko ulivyosema lile baya. Mwite mpishi umuombee dua. Rudi tena, upeleke na wenzio. Yule mama aliyetukataza maharage yake mwenyewe anastahili foleni mpaka barabarani.

Na nyinyi wenye mikahawa, kaka zetu na dada zetu, hatuwachukii. Tunakula kwenu. Tunatamani watoto wetu wakue wakijua kuwa Muislamu akiandika "halali" mlangoni, ameahidi mambo mengi kuliko kisu: kwamba kilichomo ni cha leo, kwamba kosa likitokea ataliweka juu lionekane, na kwamba bibi aliyevaa buibui lililopauka atapewa kiti kilekile cha bahari anachopewa aliyeshuka kwenye ndege asubuhi.

Allah atujaalie riziki ya halali na twayyib, na awalinde ma-bi harusi wetu wote mpaka siku zao zifike salama, magauni yao yakiwakaa vilevile tulivyowapima. Aamin.